Meza Arobaini za Magurudumu

Benchi liko nje ya geti la chuo, na wateja wa Mama Birika, muuza kahawa, kila mmoja ana pake: Mzee Faili, karani mstaafu, upande wa ukutani, Spana, fundi pikipiki, katikati, Fundi Randa, seremala, pembeni, penye nafasi ya sanduku la vifaa. Asubuhi hiyo Randa alikuwa hajagusa kahawa. Chuo kilitaka ukumbi wa mihadhara ubadilike: viti vya safu ving'olewe, wanafunzi wakae kwa vikundi, meza zisukumwe huku na huko. Akatengeneza meza arobaini za magurudumu, na jana zikaingizwa. Kumbe sakafu inateremka kuelekea jukwaani, na meza zote zikafuata mteremko. Kamati inakagua saa nne. Ikizikataa, jina lake linafutwa kwenye orodha ya mafundi wa chuo.

— Zote? aliuliza Spana.

— Ya kwanza ilianza taratibu. Tukadhani mtu kaisukuma.

— Hazina breki?

— Breki zitoke wapi? Karatasi ya oda imesema meza zihamishike.

— Basi zimehama, alisema Mzee Faili. Kwa karatasi, huna kosa.

— Mzee, meza imemkimbiza mlinzi!

— Karatasi haikumtaja mlinzi.

Spana alijipangusa grisi.

— Nikufungie breki za pikipiki. Mwanafunzi akitaka kuandika, anabana breki kwanza.

— Kwa mkono gani?

— Wowote. Mwenzake ndiye aandike. Si wanataka ushirikiano?

— Hamisheni jukwaa, alisema Mzee Faili. Mwalimu asimame juu mlangoni, wanafunzi waanzie hapo na swali, wakifika chini wawe na jibu.

— Mimi ningewapanga kwa uzito, kama mzigo wa lori, Mama Birika alidakia huku akimimina. Wazito chini, wawazuie wenzao.

— Nyie chekeni tu! Randa alipandisha sauti. Saa nne nasimama mbele ya watu saba wenye tai. Kosa la mchoraji, lawama yangu. Mchoro umeonyesha sakafu imenyooka kama meza!

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando akisubiri kahawa, mitihani ya wanafunzi kwapani.

— Samahani, kaka. Siku ya kupima, uliingia ndani?

Spana alimtazama Randa. Mzee Faili naye akamtazama. Randa akaikumbuka siku ile: amefungua mlango, vichwa mia tatu vikageuka, akaona haya. Akapima upana wa mlango, ili meza zipite. Vipimo vingine alivitoa kwenye mchoro.

— Kulikuwa na kipindi, alisema hatimaye.

— Kilikuwa changu, alisema mwalimu. Ungengoja tu nimalize.

Mzee Faili alikohoa. Hata yeye hakuwa na karatasi ya kumtetea.

Ilikuwa saa tatu kasorobo. Randa akafungua sanduku, akatoa bisibisi.

— Nayang'oa magurudumu.

— Ukiyang'oa, karatasi inasema zihamishike, Mzee Faili alimkumbusha.

— Watazibeba. Meza arobaini, magurudumu mia moja sitini. Nani anakuja?

Spana aliinamia kikombe chake, na Mzee Faili chake. Vyote viwili vilikuwa vitupu, na bado waliendelea kunywa.