Penseli ya Bernadine

Gerard, zima hiyo televisheni, mwanangu, na wewe Renata acha hivyo vyombo, vitakuwepo hata kesho. Sogezeni viti karibu na kitanda mnisikilize, kwa sababu sauti niliyobaki nayo ni ndogo na maneno niliyobaki nayo ni mengi. Daktari ameshaniambia, na nyinyi ameshawanong'oneza pale mlangoni mkidhani nimelala. Sina kinyongo naye. Miaka sabini na minane si haba, na ninaondoka nimeshiba. Lakini kuna jambo moja nililoliharibu kwa mikono yangu mwenyewe, na shangazi yenu Bernadine yuko barabarani tangu asubuhi katika theluji hii, na kabla hajafika nataka mlijue kutoka kwangu mimi niliyelitenda, ili mtakapomfungulia mlango mjue mnamfungulia nani.

Nyumba muiuze mgawane sawa kwa sawa, msinuniane. Vifaa vya karakana ni vya Gerard, hata ile tupa ya baba yangu aliyotoka nayo kiwandani. Sufuria kubwa ya bibi yenu, ile ya kuchemshia pierogi za viazi, ni ya Renata, na Gerard usianze kusema na wewe unapika, maana hupiki. Hayo wakili anayo kwenye karatasi na sitaki kuyapotezea pumzi. Ninalotaka kulisema ni juu ya kabati la chuma na seti ya kadi za besiboli iliyomo ndani yake. Gerard, najua umeshaongea na mnunuzi, anakuja kesho. Umefanya kwa nia njema, na mimi mwenyewe ndiye niliyekutuma mwaka juzi. Mpigie simu umwambie asije. Kadi zile hazikuwahi kuwa zangu peke yangu.

Mwaka wa hamsini na saba nilikuwa na miaka kumi, dada yangu kumi na miwili. Kadi, kila moja na picha ya mchezaji mbele na takwimu zake nyuma, zilikuja tano tano kwenye pakiti pamoja na chingamu ya waridi, ngumu kama kigae, na mtaa wetu mzima, kuanzia kanisani mpaka kwenye reli, watoto hawakuwa na habari nyingine. Seti ilikuwa kadi mia tatu tisini na sita. Wavulana walibadilishana nyuma ya kanisa baada ya misa, na wasichana hawakuruhusiwa. Sasa tatizo ni kwamba mimi nilikuwa bwege. Ukinionyesha mrushaji mwenye jina zuri nakupa wachezaji wanne wa maana, nakushukuru juu yake. Bernadine ndiye aliyekuwa na akili. Basi alikuwa anakuja kusimama nyuma yangu, ananifinya mgongoni: mara moja kataa, mara mbili kubali.

"Mwambie dada yako aondoke," Eddie Malchow alikuwa akisema, yule aliyekuwa na mwanya. "Hapa hatuchezi na madoli."

"Mimi nimekuja kutazama mende," Bernadine anamjibu. "Endeleeni tu, kaka zangu."

Na huku ananifinya mpaka naruka. Eddie akawa ananiuliza kama nina viroboto. Nilirudi nyumbani na mgongo wenye madoa na mifuko iliyojaa.

Kisha, kila jioni kabla ya chakula, alikaa mezani jikoni na kipande cha penseli, akageuza kila kadi mpya, na chini ya zile takwimu za mchezaji akaandika tumeipata wapi, kwa nani, na siku hiyo ilikuwaje. Mstari mmoja tu. Aliandika kwa kukandamiza, masista shuleni walimgombeza kila wiki kwa kutoboa madaftari. Mimi sikujali. Mimi nilitazama picha, yeye alitunza upande wa nyuma, na hivyo ndivyo tulivyogawana. Tulizipata zote isipokuwa moja, nambari mia tatu kumi na nane, Hub Daltry, mdakaji wa timu yetu wenyewe, na tulimtafuta mpaka kiangazi kikaisha, Bernadine akaanza kupaka rangi ya midomo, mimi nikaanza kuvuta sigara nyuma ya gereji, na sanduku likapanda darini.

Mama za wenzetu walizitupa. Mama yangu hakutupa kitu. Nilipokuwa na miaka arobaini na mitano, mgongo umekufa na kiwanda kimenipumzisha, nilipanda darini kutafuta taa za Krismasi nikakuta sanduku lile. Wanangu, nililia pale pale kwenye vumbi. Na ningekomea hapo kulia ningekuwa mtu salama. Badala yake nikawa mkusanyaji. Nikanunua kioo cha kukuzia, nikanunua mifuko ya plastiki, nikaanza kwenda kwenye maonyesho kila Jumamosi na watu wazima wenye vipara waliokuwa wakizungumzia kona za kadi namna watu wengine wanavyozungumzia wajukuu. Hub Daltry nilimpata mwezi wa pili tu, kwa mtu mmoja aitwaye Orville Tench aliyekuwa na meza mlangoni. Nikamwonyesha Orville zile zangu nyingine. Akazigeuza, akatikisa kichwa.

"Picha nzuri, kona nzuri," akasema. "Lakini kadi ikishapigwa penseli, Alvin, imekufa. Nani huyu mshenzi aliyeandika?"

Na mimi, Mungu anisamehe, sikumwambia ni dada yangu. Nilimwambia sijui.

Nikanunua kifutio laini, cha wachoraji. Wiki tatu nilikaa kwenye meza ile ile ya jikoni kwa mama yangu, kadi moja baada ya nyingine, nafuta polepole, napuliza makombo, na niliona fahari. Nilidhani naziosha. Sikusoma hata mstari mmoja, ndiyo maana nawaambia nilikuwa bwege tangu utoto na sikupona.

Pasaka ile Bernadine alikuja. Nilimpangia kadi zote mezani, ndani ya plastiki, na juu yake kikaratasi nilichochapisha: Mkusanyo wa Alvin Pruszka. Alipomwona Hub Daltry alipiga kelele akanikumbatia. Halafu akachukua nambari arobaini na moja, akaigeuza. Akachukua nyingine, akaigeuza. Aligeuza kama ishirini.

"Nimezisafisha," nikamwambia. "Ulikuwa uchafu wa penseli tu, Bernie."

"Uchafu," akasema.

"Sasa thamani yake ni mara tatu!"

"Uchafu ule nilikuwa mimi, Alvin," akasema, akachukua koti lake. Mama yenu alimkimbilia mpaka kwenye gari. Mimi sikunyanyuka, nilikuwa narudisha kadi kwa mpangilio wa nambari.

Tangu siku ile ni miaka thelathini na mitatu. Tulionana kwenye mazishi, tukapeana mikono kama watu wa serikali. Nyinyi mliponiuliza niliwaambia shangazi yenu ana roho ya korosho, eti ameona wivu. Nilisema uongo mbele ya watoto wangu. Roho mbaya ilikuwa yangu, na nilijua, na kila mwaka nilipojua zaidi ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kuinua simu. Na wewe Gerard, ulikuwa na miaka saba ulipobana kadi ya Hub Daltry kwa kibanio cha nguo kwenye spoki za baiskeli yako ili ilie kama pikipiki, jambo ambalo mimi mwenyewe nililifanya na kadi tulizokuwa nazo mbili mbili nikiwa na umri wako, nikakufokea mpaka ukajikojolea. Bado ina mkunjo kwenye kona. Usitazame chini, mwanangu, anayepaswa kutazama chini ni mimi. Nisamehe.

Haya. Renata, nipe maji. Kidogo tu.

Wiki tatu zilizopita nilimwomba Renata anitolee kadi moja kwenye plastiki, nilitaka tu kushika karatasi yake. Alikuwa amekaa pale dirishani, jua la asubuhi limelala juu ya theluji, akaiinamisha kadi kidogo, akasema, "Baba, hapa kuna kitu kimeandikwa." Nikamwambia hakuna, nimeshafuta. Akasema, "Rangi umefuta. Mkandamizo upo." Ile penseli iliyotoboa madaftari ya masista ilikuwa imechimba. Ukishika kadi ubavu ubavu kwenye mwanga, maneno yanasimama. Tangu siku hiyo anasoma yeye, anaandika kwenye daftari la buluu, na mimi nasikiliza. Tumefika mia tatu na tano. Nambari mia moja na tisa: Babu kanunua, siku aliyotoka hospitali. Nambari mia mbili na sitini: Kwa Eddie, mvua kubwa. Mama amecheka leo. Hamwezi kujua, ila majira ya baridi ya mwaka ule tulikuwa tumemzika mdogo wetu mchanga, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mama alinyamaza miezi ile yote, na nilikuwa nimesahau kwamba siku moja alicheka. Dada yangu alikuwa ameiandika siku ile.

Jumapili Renata alimpigia. Nilisikia pumzi zake kwenye simu, nikasema, "Bernie, nimekukosea, na maandishi yako yapo." Kisha akasema, "Soma arobaini na moja." Nikasoma: Kwa Eddie, nyuma ya kanisa. Alvin alilia.

"Ulilia kweli," akasema. "Kamasi mpaka kidevuni, eti nimekufinya sana." Tukacheka wote wawili kama wendawazimu, na Renata akacheka huku anafuta macho. Halafu dada yangu akasema, "Nakuja Jumatano. Na usithubutu kufa kabla sijafika, maana nina maneno nawe ya miaka thelathini na mitatu."

Leo ndiyo Jumatano. Nimetii.

Basi shikeni haya. Seti yote apewe yeye. Plastiki itupeni. Mkimaliza kusoma hizo zilizobaki, daftari la buluu mnakili mara mbili, kila mmoja wenu abaki na lake, kwa sababu humo ndimo mtakapowapata babu na bibi yenu, kwangu mimi mngepata majina ya wachezaji tu. Gerard, ukipata nafasi mchukue shangazi yako kila Jumapili, usimwache ale peke yake. Renata, usikae na hasira zaidi ya wiki moja, unafanana na mimi. Pendaneni. Mungu awape mikono ya upole na watu wa kuwafinya mgongoni mnapokaribia kufanya upumbavu. Nawabariki, wewe na wewe, na waliotoka kwenu, na... ngojeni. Nipumzike.

Hilo ni gari? Theluji hiyo anakung'uta kwenye viatu. Bado anakanyaga kwa kukandamiza. Fungua, Gerard.

Renata, njoo, sikio lako hapa. Hub Daltry, yuko chini ya mto. Nyuma yake ni patupu, huyo hatukumpata pamoja. Mpe shangazi yako penseli. Aandike... kwa Alvin, Jumatano, theluji. Na akitaka kuongeza kwamba nililia, mwacheni aongeze.