Maisha ya Bwana Majani, Aliyewalimia Wanyama

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na nyinyi wenzake wa bustani ya wanyama mliokuja moja kwa moja kutoka kazini na buti zenu za matope, poleni kwa kukaa juani. Nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, na naona wengine mmeshaanza kutabasamu kwa sababu mnanijua, mnasema huyu akishika karatasi dagaa lazima atoke papa, lakini leo shemeji yangu, mjane wa marehemu, amenishika mkono pale mlangoni akaniambia, shemeji, hii usiitie chumvi hata chembe, na marehemu mwenyewe aliagiza hivyo hivyo akiwa kitandani, kwa hiyo nitasoma kama ilivyo, na mahali mtakaponiona nasita msidhani herufi zimenishinda, ingawa shule ni kweli niliiacha mapema, itakuwa ni aibu tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba mwashi na mama aliyekuwa akishona sare za shule, na tangu akiwa mdogo mkono wake ulikuwa na kitu, alichochomeka ardhini kiliota. Alipanda boga nyuma ya choo, likatambaa ukutani likafika juu ya bati, likazaa boga kubwa ambalo kulibeba walihitajika wanaume wanne, naona shemeji ananitazama, basi, lilikuwa boga la kawaida, tulilishusha wawili.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akamaliza mwaka 1968, na hakuendelea mbele kwa sababu baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga, na mtu alihitajika nyumbani wa kuleta chochote. Mwaka 1970 alipata kibarua cha kumwagilia maua ya manispaa kwenye mizunguko ya barabara, kazi ambayo alisema ilimchosha roho, kwa kuwa maua yale hakuna aliyeyala wala kulala chini yake, watu waliyapita tu na magari, na tarehe 2 Februari 1976 akaajiriwa bustani ya wanyama, akabaki huko mpaka alipostaafu.

Kazi yake wengi hamkuijua, maana mgeni akiingia pale humwona simba, humwona twiga, hajiulizi twiga yule anakula nini. Nyuma ya banda la tembo kulikuwa na uwanja wa taka, marehemu akaulima, akapanda matete ya tembo, mianzi, miforsadi kwa ajili ya tumbili, majani ya viazi vitamu kwa ajili ya kobe, na kila alfajiri alikata, akafunga mafungu, akayasukuma kwa mkokoteni mpaka kwenye mizani, ambako kila mtunza wanyama alichukua la mnyama wake. Na si chakula tu, alipanda na nyumba, vichaka vya miiba vya nungunungu, nyasi ndefu kando ya bwawa bata wafiche mayai yao, ukuta wa mianzi ili chui apate mahali pa kuwapa wageni mgongo akichoka kukodolewa macho, na mimi nasema kwa kifua mbele, hilo shemeji ataniruhusu, kwamba hajapata kutokea mtu wa kumshinda kaka yangu kwa kupanda kivuli. Ndipo wenzake wakamwita Bwana Majani, na jina likamganda hadi kwenye simu za watoto wake.

Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na mkata tiketi wa lango kuu, ambaye ndiye mama huyu aliyekaa mbele yenu, na mwenyewe husema alianza kumshtukia pale alipoona mfanyakazi mmoja mwenye mkokoteni wa majani anapita lango la wageni kila siku wakati lango la wafanyakazi liko nyuma, akamuuliza, wewe kaka, hilo fungu la matete unamletea nani huku, naye akamwachia fungu lenyewe dirishani akaondoka mbio. Ndoa yao ilijaliwa watoto watatu, binti ambaye ni mwalimu, mvulana ambaye ni dereva wa lori, na kitindamimba ambaye ni fundi umeme, pamoja na wajukuu saba.

Sasa nafika mahali ambapo historia nyingine zingesema marehemu alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu, halafu zikaruka hadi ugonjwa, na ningeruka na mimi, nakiri miguu inanisukuma niruke, lakini aliagiza isomwe mbele ya watu wote, hasa mbele ya mtu mmoja ambaye mtamjua hivi punde.

Mwaka 1991 mvua zilikata, majani yakawa ya kutafuta kwa tochi, marehemu akapanda lusina, ule mti wa majani madogo madogo unaoota haraka kuliko madeni, na swala wakaupenda, twiga wakaupenda, mkuu wa bustani akampongeza mbele ya watu, na kaka yangu akavimba kichwa, akaona amepata dawa ya kila tumbo. Alikuwepo pundamilia jike aliyeitwa Bibi Harusi, kwa vile singa zake za shingoni zilisimama kama zimechanwa saluni, na wageni walipenda kupiga naye picha, na mwanzoni mwa mwaka 1992 alikuwa na mimba, marehemu akamhurumia. Utaratibu ulikuwa mmoja na kila mtu aliujua, hakuna jani linaloingia kwa mnyama bila kupita mizani na bila mtunzaji wake kujua, lakini marehemu alianza kurusha mafungu ya lusina juu ya uzio wa nyuma, kila alfajiri kabla mtunza pundamilia hajafika, akijisemea kwamba mama mjamzito hanyimwi, na mnyama akila anamaliza mpaka vijiti.

Lusina ile, ndugu zangu, ng'ombe na twiga wanaivumilia, lakini jamii ya punda inawanyonyoa. Bibi Harusi akaanza kudondosha singa, kwanza mkia, halafu shingo, mpaka akabaki kipara kitupu, mkia kama kamba ya ndoo, nzi wanamtafuna hana cha kuwapungia, na wageni waliokuwa wakimpiga picha kwa uzuri sasa wanampiga kwa kicheko, naye akawa anasimama pembeni kabisa, uso ukutani, kama mtoto aliyepewa adhabu.

Wakati huo huo, nje ya lango, wachuuzi walikuwa wakiuza bangili za nywele za wanyama, mkuu wa bustani akaunganisha moja na moja akapata kumi, na tarehe 8 Juni 1992 wafanyakazi wote waliitwa uani, mtunza pundamilia akasimamishwa katikati, akaambiwa anamnyoa mnyama wa watu na kuuza nywele zake, naye akasema, mzee, mimi huyu mnyama namchana kwa mkono wangu, nitamnyoaje, watu wakaangua kicheko, mmoja wa nyuma akapaza sauti, kinyozi huyo, na kuanzia saa ile jina lake likawa Kinyozi. Aliondolewa kwa pundamilia akapewa fagio afagie njia za wageni, na watoto wa wageni nao wakaliokota jina, akawa akifagia anaitwa Kinyozi, Kinyozi, mimi utaninyoa bei gani, na sisi wa familia hii tulipohadithiwa mezani tulicheka mpaka chai ikatutoka puani, huku kaka yetu akitazama sahani yake.

Marehemu alikuwa uani siku ile, na alisema siku ile hakujua bado, na tunamwamini, lakini wiki iliyofuata Kinyozi ameshaondolewa na singa zinaendelea kudondoka, daktari wa wanyama alikuja, akamkagua mnyama, akaokota kijiti kilichokwama kwenye uzio, akauliza, kuna mtu anampa huyu lusina. Marehemu alikuwa amesimama hapo na mkokoteni wake, akajibu, sijui, daktari. Neno moja tu, sijui, na alituambia kwamba kabla ya hapo aliwahi kusema uongo mwingi wa kawaida, wa kuchelewa, wa kuumwa kichwa, lakini lile lilipotoka mdomoni alilisikia kama limesemwa na mtu mwingine.

Akaacha kurusha lusina, akidhani atakuwa amerekebisha mambo kimya kimya, akapanda kwenye kona ya Bibi Harusi kichaka kizito cha kumsitiri na macho ya watu, matawi yake ya chini magumu ajikune nayo nzi wamtoke, na ndani ya kichaka hicho ndimo alimozalia mtoto wake, mzima wa afya. Singa zikaanza kuota, ikawa ndiyo balaa zaidi, kwa sababu mkuu wa bustani alimwonyesha kila mtu mnyama yule akasema, si mnaona, tangu tumwondoe mwizi nywele zimerudi. Yaani dawa aliyoitoa marehemu ikawa ushahidi dhidi ya mwenzake, na Kinyozi, aliyekuwa na matumaini kwamba ukweli utajitokeza wenyewe, aliposikia hivyo aliegemeza fagio ukutani, akaenda zake, akapata kazi ya kuswaga punda wa kubeba mchanga huko machimboni, mtu aliyekuwa akijua kumtuliza pundamilia kwa kumnong'oneza.

Mwezi Machi 1993, baada ya shemeji kumwona haonji chakula na kumbana mpaka akasema, marehemu alikwenda kwa mkuu wa bustani akaeleza kila kitu, na mkuu akamsikiliza, akafunga dirisha, akamwambia, Bwana Majani, mambo yameshatulia, unataka magazeti yaandike kwamba tulimnyonyoa wenyewe, nenda kapande majani. Basi akaenda mwenyewe nyumbani kwa Kinyozi, akasimama mlangoni, akasema yote, na Kinyozi hakutukana, hakupiga kelele, aliuliza jambo moja tu, siku ile uani wewe ulikuwa umesimama wapi, marehemu akajibu, nyuma yako, na mlango ukafungwa taratibu.

Tangu siku hiyo kaka yangu hakukubali kusifiwa. Alistaafu tarehe 30 Juni 2013, wakamwandalia sherehe, keki, viti vya kukodi, msemaji nilikuwa mimi na nilikuwa nimejiandaa kweli kweli, mwenye sherehe hakutokea, tukamkuta shambani nyuma ya banda la tembo anang'oa magugu. Sisi tukasema ni unyenyekevu, tukamsifu kwa hilo pia, na shemeji akatutazama tu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu mwishoni mwa mwaka 2022, akatibiwa, akapata nafuu, hali ikarudi kuwa mbaya mwezi Februari mwaka huu wa 2024, akalazwa hospitali kuu, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na huko ndiko alikoagiza isomwe hivi. Siku tatu kabla hajafariki, saa ya kuona wagonjwa, aliingia mzee mmoja mrefu, kofia mkononi, tukampisha bila kumjua, shemeji peke yake ndiye aliyesimama. Marehemu alipomwona tu alifumba macho, akajifanya amelala, tena usingizi wa kukoroma, na sisi wote tuliokuwepo tulijua hajalala, tukatazama sakafu.

Mzee yule akavuta kiti akakaa, akamtazama sana, kisha akasema kwa sauti ya chini, Bwana Majani, mimi nimekesha na wanyama maisha yangu yote, mnyama aliyelala kweli kope zake hazichezi. Marehemu akavuta shuka akajifunika uso. Mzee akacheka kidogo, akasema, haya, jifiche, nimekuja kukaa tu, sikuja kukudai, akakaa kweli, akawa anamweleza shuka habari za punda wake, yupi mvivu, yupi anapiga teke, na chini ya shuka tuliona mabega ya kaka yangu yanatikisika, mpaka kengele ya wageni kutoka ikalia. Mzee alipoinuka aliiweka sawa ile shuka miguuni, akatoka, na marehemu hakuifunua mbele yake, aibu ilimshinda nguvu, akafariki dunia tarehe 19 Aprili 2024, alfajiri, wakati ule ule aliozoea kukata majani.

Kwa hiyo familia inatamka hapa mbele yenu nyote, na wenzake wa bustani mlipeleke mlikotoka, kwamba mtunza pundamilia hakukata unywele hata mmoja, kwamba jina lile alibandikwa kwa kosa la ndugu yetu na kwa kicheko chetu, na kuanzia leo yeyote atakayelitamka asilitamke mbele yetu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, tunawashukuru majirani waliotuazima viti na sufuria na waliokesha nasi, tunawashukuru wafanyakazi wa bustani ya wanyama waliochimba kaburi, na tunakushukuru wewe, mzee wetu uliyekaa safu ya nyuma na kofia mkononi, tunakuomba, kama hutaona vibaya, uje ukae huku mbele pamoja nasi wafiwa.

Na wewe kaka yangu, imesomwa yote, sikuongeza kitu, muulize shemeji. Aliyekujia yupo hapa na hakudai neno. Safari hii usijifanye, lala kweli.