Cherehani ya Pili

Kwenye kibaraza cha Fundi, mshona nguo, kahawa huanza kabla ya kazi. Birika na vikombe hukaa juu ya cherehani ya pili, ya mwanawe aliyevuka mpaka mwaka juzi bila karatasi. Ukimuuliza Fundi mbona haiuzi, atakwambia inamsubiri mwenyewe. Asubuhi moja binti wa chuo kikuu alikuwa akipita mlango kwa mlango, akiuliza nani kahama na kwa nini. Fundi alipomwona kwa mbali, sindano ilimchoma kidole.

— Mwanafunzi gani ana viatu vya kazi vile? alianza Redio, dereva wa pikipiki asiyeishiwa habari. Huyo Uhamiaji!

— Anasema ni utafiti wa kumalizia digrii, Fundi alisema.

— Hata mamba husema anaota jua tu.

Wakili, aliyeijua mahakama kwa kusimama kizimbani, alikohoa.

— Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yaani mgeni akija, mwenyeji toka mbio, upone.

— Sivyo, Wakili, Fundi alisema.

— Nyamaza, tunakuokoa! Wakijua vijana wamekwisha, mtaa unavunjwa, wanajenga gereza.

— Gereza wapi! Redio akadakia. Wenye akili washaondoka. Sasa wanatafuta wajinga wa kupimia dawa.

— Basi wewe panga foleni mapema, Wakili alimjibu.

Fundi hakucheka. Mwanawe akikamatwa huko kwa sababu ya midomo ya kijiwe hiki, atamwambia nini mama yake?

— Akifika hapa, mimi sina mtoto. Mmesikia?

— Hujazaa kabisa, Wakili akaafiki. Mficha uchi hazai.

Binti akafika.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, waliitikia, macho barabarani.

— Sihitaji majina, wala mahali walipo. Nina swali moja tu. Aliyeondoka hapa akirudi leo, atafanya kazi gani?

Fundi aligeukia cherehani ya mwanawe. Gurudumu lilikuwa limeshika kutu nyuma ya birika, na ubao wote ulikuwa umejaa alama za vikombe, duara juu ya duara.

— Wazee?

Wakili akanyanyua kikombe chake polepole kutoka kwenye cherehani, akakosa pa kukiweka.