Nyota Saba za Mzee Taa

Ndugu waombolezaji, wengi wenu mlimfahamu marehemu kwa jina la Mzee Taa, na wengine mmeliandika hata kwenye utepe wa shada la maua, lakini jina hilo lilitokana na kosa, na familia haitaki kosa hilo lizikwe pamoja naye, ndiyo maana historia hii inasomwa na binti yake wa mwisho, ambaye ndiye aliyelifanya.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Novemba 1954, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa nne wa mkata tiketi na mshona mashuka, na mama yake alikuwa akiwapima watoto macho kwa kuwasimamisha uani na kuwaambia wahesabu nyota za Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota zilizobanana, ambapo aliyepata sita aliambiwa yuko sawa, marehemu akapata saba, naye akaambiwa asijivune, akaoshe vyombo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, na sekondari hadi 1972, ambako alifaulu fizikia na kuponea chupuchupu katika mengine yote, kisha akajifunza usagaji wa lenzi kwa miaka miwili, na tarehe 6 Januari 1975 akaajiriwa katika karakana ya miwani nyuma ya posta, chumba cha mashine nne na dirisha moja, akafanya kazi humo hadi alipostaafu tarehe 30 Novemba 2014, mikono yake ikinuka unga wa kusagia hata siku za mapumziko. Kwa vioo vilivyokataliwa kazini alijisagia lenzi za darubini, akazifunga kwenye bomba la plastiki la fundi bomba, na fundi cherehani wa jirani, kila alipomwona akipanda nalo darini, alimuuliza kama choo kimeziba tena.

Kuanzia tarehe 1 Desemba 1975 marehemu aliweka daftari, na kila jioni ya anga safi aliandika humo tarehe na idadi ya nyota za Kilimia alizoziona kwa macho matupu, basi, hakuandika kingine.

Tarehe 20 Agosti 1983 alimuoa mama yetu, aliyekuwa mteja, na ambaye mara ya kwanza alirudi karakana kwa hasira akisema, "Fundi, miwani yako inanionyesha wewe wawili, na hata huyo mmoja sijamuomba." Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1985, 1989 na 2000.

Mwaka 2008 taa ya mtaa ilisimikwa mbele ya nyumba, ya manjano, isiyo na kifuniko juu, na katika daftari, saba ikawa sita, baadaye tano, marehemu akazoea kusimama uani akiwa ameinua sinia kati ya uso wake na taa. Tarehe 4 Januari 2021 aliandika barua kwa ofisi ya mtaa akiomba taa hiyo ifunikwe kwa juu, akampa binti yake wa mwisho aipitie, na binti huyo, mwaka wa kwanza chuo kikuu, ambaye alikuwa ametoka kushinda mdahalo wake wa kwanza, alimwambia, "Baba, hii haina uzito," akayafuta maneno "ifunikwe kwa juu" na kuandika "irekebishwe ipasavyo."

Ikarekebishwa. Tarehe 16 Februari 2021 walikuja mafundi watatu na gari la ngazi, wakafunga taa mpya, nyeupe, yenye nguvu mara tatu, wakamwambia, "Mzee, tumekumalizia," wakampa karatasi ya kupokea kazi, naye akasaini. Mtaa mzima ulimpongeza, "Mzee Taa, umetutoa gizani!" naye akajibu, "Haya." Binti aliandika barua sita baadaye, kali, zenye hoja zilizopangwa, na zote zilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba ombi husika lilishatekelezwa.

Mwezi Juni 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na alifariki tarehe 9 Januari 2024, saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ambayo taa zake hazizimwi.

Juzi daftari lilifunguliwa, na kwenye tarehe 16 Februari 2021, mahali pekee katika miaka yote hiyo penye maneno, ameandika: "Tatu. Barua iliandikwa vizuri."

Jana jioni, uani kwetu, binti alimwomba fundi cherehani azime taa alizotufungia kwa ajili ya msiba, naye akasema, "Mwanangu, watu watajikwaa," binti akajibu, "Wajikwae." Fundi akazizima, kisha akaingia jikoni, akatoka na sinia, akaliinua mwenyewe dhidi ya ile taa ya mtaa mpaka binti akamaliza kuhesabu, wala hakuuliza habari za choo. Katika daftari imeandikwa nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, wenzake wa karakana ya miwani, na majirani wote. Mmemwombea mwanga wa milele, na tunajua nia yenu ni njema, kama ilivyokuwa ya wale waliokuja na ngazi, ila kwa leo tunaomba kiandikwe alichoomba mwenyewe, kwa maneno yake, bila kurekebishwa.

Pumzika kwa amani, Baba, penye giza la kukutosha.