Bi Namba na Barua Iliyolala Chini ya Sweta

Ijumaa tarehe 30, baada ya miaka thelathini na mmoja masjala, mtunza kumbukumbu wetu mkuu anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye faili. Sisi tunamwita Bi Namba, naye anaitika.

Jina hilo alilipata kihalali. Barua isiyo na kumbukumbu namba haikutoka mlangoni kwake, hata iwe imesainiwa na nani. Iliingia trei ya marekebisho, ikimsubiri aliyeichapa. Na kila jioni alifunga ukurasa wa daftari la barua kwa mstari mwekundu, asije mtu akachomeka kitu. Mkuu wa Chuo mwenyewe aliwahi kurudishiwa kadi za mwaliko wa harusi ya bintiye. Alicheka, lakini namba aliitafuta.

Sasa ile kesi. Miaka kumi na tisa iliyopita, binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, alifukuzwa bila kusikilizwa, akashtaki, akashinda. Mahakama ikaamuru arudishwe darasani ndani ya siku kumi na nne. Mkuu alisaini barua ya kumwita siku ya tatu tu, akajua mambo yamekwisha. Miezi miwili baadaye binti bado yuko nyumbani, wenzake wamekaribia mitihani ya mwisho, na Mkuu ameitwa ajieleze kwa nini asifungwe kwa kudharau mahakama.

Barua ilikuwa kwenye trei ya marekebisho, haina namba, na juu yake sweta ya Bi Namba.

Wakili wa chuo alishuka masjala mbio, akaomba tarehe ya nyuma iandikwe daftarini, mstari mmoja tu. Bi Namba alimvutia kiti, akamwonyesha ile mistari myekundu, akamwambia, "Baba, hapa hapapiti hata sindano."

Kesho yake alibeba daftari kwapani hadi mahakamani. Akamweleza Jaji kwamba barua iliandikwa kweli, haikutoka kweli, na sweta ni yake. Alipoulizwa ni nani aliyesahau namba, alijibu kwa heshima zote kuwa daftari lake huandika safari za barua, haliandiki wachapaji. Jaji aliinamisha uso kuficha tabasamu. Mkuu aliomba radhi, akaponea kwenye onyo. Barua ikapewa namba, binti akaipokea palepale kwenye korido ya mahakama, akasaini daftari. Mitihani alifanya na wenzake. Leo ni muuguzi, na ndiye anayempima Bi Namba presha.

Wakati ule palikuwa na mchapaji mgeni, mwezi wa kwanza kazini, bado yuko kwenye majaribio. Kila asubuhi alipita mbele ya trei ile akidhani ni mahali pa kuwekea sweta. Namba aliisahau yeye, na ndiye anayeandika haya. Ningetajwa siku ile, nisingemaliza wiki. Bi Namba hakunitaja, wala hakuwahi kunisimanga. Alinifundisha trei zote tano, moja moja, mpaka nikazijua. Ahsante, mama. Nimechelewa mno kulisema.

Barua yake ya kustaafu nimeichapa mimi, namba nikaihakiki mara tatu. Nilipomkabidhi hakuisoma kwanza. Aliangalia namba, akasaini daftari, kisha akanipa kalamu nyekundu niufunge ukurasa mwenyewe.

Nenda kapumzike kwa afya na furaha, Bi Namba. Sweta ichukue, trei tutaiangalia kila asubuhi.