Chakula cha Pikipiki ya Dresa

Benchi letu pale njia panda ya Uyole lilikuwa ubao wa nyuma wa lori, tumeulaza juu ya mapipa mawili mbele ya banda la fundi Tadeo. Mwaka huo wa hamsini na saba wenye benchi tulikuwa watatu. Ambrosi alirudi kutoka vita vya Burma na birika la jeshi na maneno mengi, tukamwita Burma. Kahawa ilikuwa yake, viazi vya kuchemsha tulileta kwa zamu. Silvester aliwahi kuwa karani wa baraza, na hakuna jambo asilolitafutia sheria, basi yeye ni Kifungu. Mimi ni fundi cherehani. Wananiita Shona-Kesho, na kwa nini wananiita hivyo waulize wao. Asubuhi hiyo tulikuwa na kazi moja tu, kumtazama Tadeo akifungua injini ya pikipiki ya dresa Yotamu, mfunga vidonda na mgawa dawa wa zahanati, kwa mara ya tatu.

Pikipiki yenyewe kuukuu, ya vita, matairi ya meno, ya kupanda mahali ambapo hata mbuzi anafikiri kwanza. Kila Jumatano dresa alipanda nayo milima ya Uporoto kuwapelekea wagonjwa wa ukoma vidonge vyao vya wiki. Mara mbili injini ilikufa, mara mbili Tadeo akaifufua. Sasa imekufa ya tatu, na mkubwa wa zahanati kasema ikifa ya nne itauzwa kwa wanunua vyuma, na safari za mlimani basi. Jumatano tatu zilikuwa zimepita watu hawajapata vidonge. Ringi mpya za pistoni zilifika jana kwa basi kutoka Iringa, na nyingine hazipo.

Tadeo ni Mhehe, mtu wa taratibu. Alitandaza khanga chakavu, akapanga kila chuma kwa mfuatano wa kukitoa, kisha akainua silinda. Pistoni ikaonekana nyeusi, ringi zimenata kama zimepakwa ulimbo.

Tadeo: Hii si oili ya kawaida. Nuseni. Inanukia jikoni.

Kifungu: Ni viazi hivyo.

Tadeo: Viazi viko huko, pua yangu iko huku.

Burma: Mimi nilisema toka mwanzo. Aliye juu mngoje chini. Mashine inapanda kwenye baridi, inashuka kwenye joto. Chungu ukikitoa motoni ukakitia majini si kinapasuka?

Tadeo: Haikupasuka. Imenata.

Kifungu: Basi petroli imetiwa maji. Haba na haba hujaza kibaba.

Dresa Yotamu alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la dawa, mguu wake mbovu kaunyoosha. Ule mguu ndio uliomfanya apewe pikipiki.

Dresa: Petroli naichuja mwenyewe kwa kitambaa.

Burma: Kabla ya kuja kwako ilikuwa ya nani? Ya wachimba dhahabu wa Chunya. Basi inataka kwao. Mara zote tatu ilizimika imeelekea Chunya.

Dresa: Barabara inapinda pale, mzee.

Burma: Inapinda kwa sababu.

Kifungu: Hapana. Tufuate sheria. Chuma hiki kiliandikishwa jeshini, na barua ya kukiachisha hakuna aliyeiona. Kisheria bado kiko vitani. Kikiona mlima kinadhani adui yuko juu, kinajilaza.

Burma: Askari hajilazi bila amri. Usitutukane.

Mimi: Labda imezeeka tu. Ninyi wenyewe mkipanda Uporoto mnakata pumzi.

Kijiweni ukisema neno la kawaida wanakuona mchoyo wa hadithi. Lakini Tadeo aliacha kufuta pistoni, akakaa chini kabisa.

Tadeo: Ninyi mnacheza. Mimi nimefunga injini za malori miaka kumi na mbili, haikurudi hata moja. Hii imerudi mara mbili, na sioni kosa langu liko wapi. Nimeanza kuiogopa mikono yangu. Ringi hizi nikizivalisha leo nikakosea tena, wale watu juu kule nitakuwa nimewafungia njia mimi.

Hapo Kifungu alimsogezea sahani ya viazi. Burma akammiminia kahawa, akamwekea kikombe karibu na khanga.

Ndipo tuliposikia hodi. Alikuwa bibi mmoja mfupi, miguu ina matope mpaka magotini, amekumbatia kibuyu kifuani kwa viganja viwili ambavyo vidole vyake vilikuwa vimebaki nusu. Alisimama mbali kidogo, wanavyozoea kusimama wagonjwa wa ukoma.

Dresa: Bibi Damari. Umeshuka kwa miguu?

Damari: Toka alfajiri, mwanangu. Nimekuja kumwona mgonjwa.

Dresa: Mgonjwa gani?

Bibi akaielekezea kidevu pikipiki iliyolala bila injini.

Dresa alitueleza kwamba barabara huishia uani kwa huyu bibi. Pale huiacha pikipiki akamalizia nyumba za juu kwa kuchechemea. Huku anasema hivyo alikuwa tayari amefungua sanduku, anamhesabia vidonge vyake.

Damari: Asante. Na hii nimeiletea chakula chake. Tangu iugue nani anailisha?

Tadeo alisimama polepole. Akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akatoa kizibo, akanusa. Ilikuwa samli safi ya ng'ombe.

Tadeo: Bibi, hii ulikuwa unaipa wapi?

Damari: Kwenye kale katangi ka ubavuni, anapomimina yeye mafuta. Kikombe kimoja tu, kila Jumatano. Aliniambia mwenyewe bila mafuta inakufa. Kisha anakwenda zake juu, anaiacha uani kwangu mchana kutwa. Ningeitazama tu ikae na njaa? Mgeni ni mgeni.

Tadeo alikiweka kibuyu chini, akaigeuza mikono yake, akaitazama mbele na nyuma, akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa miezi: kilichonata kwenye ringi ni samli iliyoungua, si kosa lake. Aliniangalia mimi, mimi nikamwangalia dresa. Nani amwambie? Mafundi wa maneno wote tulikuwa pale, hakuna aliyetaka zamu hiyo.

Dresa: Bibi, unakumbuka nilipokuanzisha dawa nilikupa mwiko wa pombe? Na hii imewekewa mwiko. Samli haiwezi tena. Fundi anaivalisha leo, Jumatano nitakuja nayo, lakini itakula ya hospitali tu.

Damari: Ndiyo iliyoiumiza?

Dresa aliitikia kwa kichwa. Kudanganya hakuweza.

Bibi alivifunga vidonge vyake kwenye pindo la nguo. Kisha akasema, si kwa kulalamika, kama mtu anayesema mvua ilinyesha jana:

Damari: Mwiko naujua, nitaushika. Ila tangu nianze kuugua, watu hunisalimia wakiwa njiani. Changu hawali. Hii ilikuja, ikakaa uani, ikala. Sasa Jumatano nitampa nani?

Burma alilinyanyua birika, akalitikisa, akalikuta tupu. Kifungu alikuwa anatazama viatu vyake. Dresa alikwishatuambia mara nyingi kwamba anayetumia dawa hana la kutuambukiza, na sisi tulikuwa tunaitikia kwa vichwa.

Tadeo alifuta mikono kwa kitambaa, akachukua kiazi sahanini, akakipasua, akakichovya kwenye samli, akala. Akakata kingine, akampa bibi. Halafu akakipeleka kibuyu kwenye benchi. Dresa akala, Burma akala, Kifungu akala amefumba macho, baadaye akayafumbua akachovya tena. Tukasogea kumpa bibi nafasi, naye akakaa.

Kikanifikia mimi. Nasema kweli, nilikishika muda mrefu kuliko wote, na neno langu la siku zote, kesho, lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwona bibi hanitazami, anatazama pikipiki, ananisubiri bila kunisubiri.

Nikala leo.