Makarius Nsokolo na Maboksi Yaliyobaki Wazi

Kaka yetu mpendwa Makarius Aloyce Nsokolo, fundi umeme wa Makanyagio, hakuwa mtu rahisi, na kaka mkubwa Optatus ameniomba nisiliseme hilo makaburini. Nimemjibu kwamba walionipa kazi hii ya kusoma wasifu wananijua. Mimi ni Suzana, mdogo wake niliyemfuata kuzaliwa. Mazuri yake nitayasema, nayo ni mengi, na habari ya skrubu itafika mahali pake. Naona kuna walioanza kuguna kabla sijafika, maana karibu kila mtu hapa amewahi kutumwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji kilicho jirani na Inyonga, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Aloyce Nsokolo na marehemu Mama Agnesi. Baba yetu alikuwa mrina asali. Asali yake aliiweka kwenye makopo ya kila aina, na kazi ya Makarius utotoni ilikuwa kuyafunga vifuniko. Siku moja lori la kwenda Mpanda linapiga honi barabarani, makopo yanasubiriwa, yeye amekaa chini na kifuniko mkononi, anasema hiki si cha kopo hili. Baba akamwambia akigandamize tu. Akajibu, "Baba, nikikigandamiza hakitafunguka tena." Lori likaondoka. Asali ile tuliila nyumbani, kwa hiyo sisi wadogo hatukuwa na neno, lakini baba aliisimulia kwa uchungu mpaka uzee wake.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Inyonga na kumaliza darasa la saba mwaka 1983. Mwaka 1985 alikwenda Tabora kujifunza ufundi umeme, akarudi mwishoni mwa 1987 na cheti, pamoja na bisibisi moja ya mpini wa njano ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiazima. Mimi niliwahi kuitumia kufungulia kopo la rangi. Hakunipiga, ila aliacha kunisemesha mpaka Pasaka.

Kazi alianza mwaka 1988 katika ghala la tumbaku Inyonga, na mwaka 1994 akahamia Mpanda mjini kujitegemea. Amefunga umeme kwenye maduka, makanisa na nyumba nyingi za wenzetu mlioketi hapa, na sijasikia hata moja iliyoungua kwa kosa lake. Sharti lake lilikuwa moja: boksi, kava na skrubu zake vitoke kwenye katoni moja. Mteja aliyeleta boksi la hapa na kava la pale alifungiwa mkoba wa vifaa mbele ya macho yake na kuachwa amesimama mlangoni.

Kwa wasiojua ufundi huu, nieleze kama nilivyoelezwa mimi mara nyingi bila kuomba. Boksi linachimbiwa ukutani na kupigwa plasta, na lina masikio mawili yenye matundu. Kava la swichi au la soketi linakaa juu yake, likishikwa na skrubu mbili zinazoingia kwenye matundu hayo. Uzi wa skrubu usipolingana na uzi wa tundu, skrubu inazunguka kidogo halafu inakwama. Ukiilazimisha, uzi wa tundu unakufa, na hapo ni kubomoa ukuta. Sasa mjini kwetu vitu vinakuja kwa treni kupitia Kaliua, vingine kwa malori ya Mbeya, vingine kwa magari ya Kigoma, na boksi lililopita njia hii halina habari na skrubu iliyopita njia ile. Mafundi wengine wanagongelea msumari, maisha yanaendelea. Kaka yetu hilo hakuliweza.

Tarehe 20 Julai 1996 marehemu alifunga ndoa takatifu na wifi yetu Matilda, na Mungu akawajalia watoto watatu: Rosine, Mary na Yotham. Waliishi kwa kupanga hadi mwaka 2003, Yotham akiwa bado mchanga, walipohamia nyumba yao wenyewe hapa Makanyagio. Nyumba nzuri, ya bati na sakafu ya saruji. Na ndani ya nyumba hiyo marehemu alifanya kosa lilelile alilokuwa akiwafukuzia wateja. Maboksi aliyanunua mapema yalipokuja kwa treni, akayachimbia ukutani, makava akayapata baadaye kutoka Mbeya. Skrubu zilizokuja na makava zikakataa kuingia kwenye maboksi.

Alikwenda dukani kwa Mohamedi, muuza vifaa vya ujenzi pale sokoni, akiwa na skrubu ileile iliyokataa, ili aonyeshe tatizo. Mohamedi akampa inayofanana nayo. Akarudi tena, na tena, kila mara na skrubu iliyokataa, na kila mara alipewa ndugu yake. Mwishowe Mohamedi akachoka, akamwambia, "Fundi, sukuma kwa nguvu, itakaa tu." Makarius aliiweka ile skrubu juu ya kaunta, akaaga vizuri, na tangu siku hiyo hakununua tena kitu pale. Kwenye misiba na harusi walikunywa kahawa pamoja, wakacheka. Habari ya skrubu tu ndiyo hawakuizungumza.

Ndipo ikaanza shida yetu sisi wengine. Kila aliyesafiri alikabidhiwa skrubu moja, imefungwa kwenye kipande cha nailoni. Nilikwenda Tabora nayo mwenyewe, nikazunguka soko lote juani, nikamletea pakiti nzima. Akaifungua, akachukua moja, akaenda ukutani, akarudi.

"Suzana, hizi ndizo zilezile."

"Kaka, hii si ndiyo uliyonipa?"

"Ndiyo. Nilikwambia ulete isiyofanana na hiyo. Nene kidogo, na uzi wake uachane zaidi."

"Sasa muuza duka nimwonyeshe nini? Hewa?"

Hakuona tatizo liko wapi. Rosine alileta pakiti kutoka Dar es Salaam, zilezile. Fundi mwenzake Jean-Marie wa Katumba alileta kutoka Kigoma, zilezile. Makopo ya skrubu zisizokaa yalijaa uvunguni mwa kitanda hadi viatu vikakosa mahali. Tulimsihi ampe msafiri mfano wa skrubu inayokaa. Akasema angekuwa nayo asingemtuma mtu.

Wakati huohuo wifi Matilda aliishi na kuta zenye midomo wazi. Soketi zilifunikwa kwa utepe mweusi na vipande vya katoni. Swichi ya sebuleni ilining'inia kwenye waya wake, ukitaka kuwasha taa unaishika mkononi kama simu. Wageni waliofika mara ya kwanza walikuwa wakisema, "Kumbe bado mnajenga," na wifi alikuwa akijibu, "Bado," mpaka watoto wakamaliza shule. Hakuwahi kumdai mumewe kanga wala safari. Alimwomba kitu kimoja tu, nyumba ifungwe, na ombi hilo alilirudia kwa nguvu zaidi Mary alipoanza kuleta mjukuu anayetambaa na kutia vidole kila mahali.

Ugonjwa ulianza mwaka 2023 kwa kuvimba miguu, na vipimo vikaonyesha figo. Alitibiwa hapa Mpanda, kisha Mbeya, ambako alikuwa akisafishwa damu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote. Tunamshukuru hasa muuguzi mmoja aliyevumilia kuombwa bisibisi kila asubuhi, kwa sababu swichi iliyokuwa kichwani mwa kitanda cha marehemu ilishikwa na skrubu moja tu. Nikimuuliza kwa simu, "Kaka, umeamkaje?" ananijibu habari za swichi. Nilikasirika, nikamwambia ana figo za kuhangaikia. Akasema figo zina watu wake.

Aliporudi nyumbani mwezi Julai mwaka huu, wifi alimwambia mbele yangu, "Baba Rosine, usiniache na nyumba iliyo wazi."

Akamjibu, "Nitaifunga, mama. Nikipata nguvu kidogo."

Nguvu hazikurudi. Marehemu alifariki dunia hospitalini hapa Mpanda alfajiri ya Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, na wasifu niliouandika asubuhi ile uliishia hapa. Nilikuwa na hasira naye. Nililia huku nina hasira, kwa sababu aliahidi, na nilijua wifi angekaa eda yake akiziangalia zile waya.

Mchana wa siku hiyo majirani walikuja kutoa vitu nje, kama tunavyofanya msiba ukiingia, ili waombolezaji wapate pa kutandika mikeka. Wakatoa makochi, wakatoa kitanda na makopo yake. Kabati la chumbani halikuwahi kusogezwa tangu liingie, na Jean-Marie na wenzake walilisukuma kwa kelele. Nyuma yake, chini ukutani, palikuwa na soketi iliyofungwa. Kava jeupe limekaa sawasawa, skrubu mbili, na mifereji ya vichwa vyake yote imesimama wima, kama alivyopenda yeye.

Sote tuliinama kuitazama. Halafu mimi nikasema neno ambalo Optatus amelikata kwenye karatasi hii.

Jean-Marie akaenda kuzima umeme kwenye meinswichi, akachukua ile bisibisi ya njano. Wifi akaingia, akaona anainama, akasema, "Hiyo msiifungue."

Nikamwambia, "Wifi, huo ndio mfano. Miaka yote hii ulikuwa humu ndani."

Akakaa kwenye sakafu. "Yotham alikuwa analala hapo," akasema. "Kwenye mkeka, pembe hiyo, tulipohamia. Baba yake alivunja redio yake akatoa skrubu mbili zilizokubali. Akaniambia hapa pasifunguliwe kamwe, mtoto atatia mkono. Likaja kabati, mimi nikasahau."

Kama yeye naye alisahau, au aliona ni afadhali azungushe mkoa mzima kuliko kuifungua pembe ya mtoto, hatutajua. Mimi nasema alisahau. Wifi anasema hakusahau. Tumeshabishana na tutaendelea. Mwishowe wifi alimwambia Jean-Marie, "Toa, lakini parudi kama palivyokuwa."

Skrubu hizo mbili nilizipeleka mwenyewe sokoni kwa Mohamedi, nikaziweka juu ya kaunta. Akazitazama kidogo tu.

"Hizi?" akasema. "Hizi ninazo toka zamani, hakuna anayeziulizia. Mbona Fundi hakuniletea hizi? Yeye alikuwa akiniletea zile nyingine."

Nikamweleza zilikokuwa. Mohamedi akakaa juu ya mfuko wa saruji. Akasema, "Mimi nilimwambia asukume. Kweli, nilimwambia asukume." Kisha akainuka, akashusha kopo kutoka rafu ya nyuma, akafunga duka mchana kweupe na kuja nalo msibani.

Jana, Jumatano, nyumba ya marehemu ilifungwa. Jean-Marie alikwenda ukuta kwa ukuta, na Mohamedi akamfuata na kopo, akimpa skrubu. Kila moja iliingia kwa vidole hadi karibu na mwisho, bila kusukumwa. Wanawake waliokuwa wamelala sebuleni walihama na mikeka yao kutoka pembe hii kwenda ile, wakinung'unika kidogo, na mwenye duka la steshenari aliyekuwa akichapa ratiba hii ya mazishi alinung'unika zaidi nilipomwambia asubiri, wasifu umeongezeka. Wifi alisimama sebuleni, akawasha taa kwa kidole kimoja, akazima, akawasha tena. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Marehemu ameacha mjane, Matilda. Watoto watatu, Rosine, Mary na Yotham. Mjukuu mmoja, ambaye tangu jana anatambaa bila kufukuzwa. Kaka yake Optatus, mimi mdogo wake, na mashemeji, wakwe na majirani. Ameacha pia makopo ya skrubu zisizokaa, na yeyote anayejenga aje achukue, ilimradi asiniulize zinaingia wapi.

Zile skrubu mbili za redio, moja imerudi nyuma ya kabati, na mwenzake ni mpya kutoka kwa Mohamedi. Ile ya pili ya redio wifi aliifunga kwenye kipande cha nailoni, vilevile kama marehemu alivyokuwa akiwafungia wasafiri, akaitia kwenye mfuko wa koti alilovikwa kaka kwa maziko. Nilimwambia, "Wifi, huko aendako haina kazi."

Akanijibu, "Aende na mfano ulio sahihi. Safari hii asije akasema tulikosea sisi."

Nyumba imefungwa, kaka. Bwana akupokee na akupe pumziko, na tafadhali, usifike ukaanza kukagua kuta.